Kiharusi cha Joto Si Kiu

"Dada nesi, huyu ana kiu tu. Mpe maji!"

Nimeyasikia maneno hayo kila Julai 4 tangu nianze kusimama kwenye hema la huduma ya kwanza, katika mbio za kilomita 10 za mji wetu kando ya Mto Mississippi. Safari hii aliyeyasema ni mama mzazi. Mwanawe alikuwa ameanguka kabla ya kumaliza, anarusha ngumi hewani, hajui yuko mji gani. Mama tayari ameshafungua chupa. Nilimshika mkono kwa heshima, nikaisogeza chupa pembeni.

Jamani, kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kupanda hadi kuvuruga ubongo, si kukaukiwa maji. Mkimbiaji anaungua kutoka ndani: takribani robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto, na anayekaza mwendo hulizalisha haraka kuliko mwili unavyoweza kulitoa. Ndiyo maana mbio fupi zinatuletea wagonjwa hawa. Kule Falmouth, Massachusetts, hukimbia maili 7 tu kila Agosti, lakini madaktari walihesabu visa 274 katika miaka 18, kama wawili kwa kila watu elfu waliomaliza. Vituo vya maji vilikuwepo. Wagonjwa wote walipona, na si kwa sababu ya kunyweshwa.

Mto nao una neno lake. Jasho hupoza linapokauka, si linapochuruzika, na asubuhi za mtoni hewa imeshiba unyevu. Huku kwetu mashamba ya mahindi ya Iowa na Illinois yanaongeza mvuke wake mwezi huo huo. Kwa hiyo tunatumia kipimo cha WBGT, kinachounganisha joto, unyevu na ukali wa jua: asilimia 70 inatoka kwenye kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi, 20 kwenye tufe jeusi lililowekwa juani, na 10 tu kwenye kipimajoto cha kawaida. Anayetazama simu na kusema "mbona ni digrii 27 tu" amesoma hiyo asilimia 10.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi: kupima joto la mgonjwa. Paji la uso, sikio, kwapa, vyote hudanganya kwa mtu aliyelowa jasho. Kipimo cha kuaminika hupitia njia ya haja kubwa. Najua kwetu ni aibu. Tunavuta pazia, tunamfunika shuka, tunawaeleza ndugu, kisha tunapima. Kijana huyu kwapani alisoma 38. Ndani alikuwa 41.7. Mhudumu anayeamini ile 38 angemlaza kivulini, ampepee, asubiri gari, na muda wote huo ubongo unaiva. Nimekaa vikao virefu nikibishana na watu wazima wanaotaka tuache kipimo hiki ili tusiwaaibishe wakimbiaji. Sitakiacha.

Dawa ni maji ya barafu. Tunatumia hori la kunyweshea ng'ombe: mgonjwa anazamishwa hadi mabegani, shuka inapita chini ya makwapa ili kichwa kisizame, na mtu mmoja anayakoroga maji bila kupumzika. Poza kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Huwa wapo wanaolia kwamba baridi ya ghafla itamuua. Kinachoua ni dakika zinazopotea. Akifika karibu na 39 tunamtoa, asije akapoa kupita kiasi.

Na hayo maji ya kunywa yana hatari yake. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu. Asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu, na wengi wao walikuwa wameongezeka uzito njiani kwa kunywa. Mwenye chumvi pungufu naye huchanganyikiwa kama mwenye kiharusi cha joto. Ukiwatazama kwa macho hutawatofautisha. Kipimajoto ndicho kinachoanza kuwatenga.

Kuna linaloninyima usingizi. Marafiki wawili hufanya mazoezi pamoja, hukimbia kasi moja. Mmoja anavishwa medali, mwenzake yuko horini. Vitabu vitakutajia homa ya juzi, usiku bila usingizi, mwili usiopewa siku 10 hadi 14 za kuzoea joto. Nimepokea watu wasiokuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Na zipo asubuhi nilizosema "anzeni" ambazo leo ningesema "ahirisheni", ingawa namba kwenye kipimo ilikuwa ndani ya mpaka.

Kijana alikaa kwenye barafu dakika 14. Ukali ukamwisha, akatetemeka, akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Kisha akasema koo limemkauka. Mama alikuwa bado amesimama palepale na chupa yake.

"Sasa, mama," nikamwambia, "mpe."