Jela Kujaa na Askari Kukosea: Yanayosemwa Langoni na Yalivyo

Foleni ya wageni nje ya rumande ya Industrial Area, Nairobi, ni darasa la sheria lisilo na mwalimu. Kila mtu ana la kumfunza jirani yake, na mengi si kweli. Makosa haya huwagharimu watu pesa, mengine miezi.

"Rumande imejaa majambazi."

Wapo, lakini rumande ni ya mahabusu, watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, na baadhi yao mahakama imeshawapa dhamana. Kinachowaweka ndani ni kukosa pesa. Waranti ya hakimu, yaani amri ya kumweka mtu ndani, ikifika ikiwa sawa, afisa msimamizi wa gereza hawezi kumrudisha mtu eti vyumba vimejaa; anampokea. Ndiyo maana msongamano hauanzii kwake.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka masharti ya dhamana yawe ya kadiri, na kinakataza kabisa kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Dhamana ikiwashinda, ombeni hakimu aipunguze. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo huo. Wengi hukaa tu wakingoja kesi itajwe tena.

"Kujaa ni watu kubanana kidogo tu."

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hupendekeza angalau mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha kulala wengi. Chukua chumba cha mita 6 kwa 12. Ni mita za mraba 72, nafasi ya watu 21. Waweke 60 na kila mmoja anabaki na mita 1.2, yaani kama ukanda wa mita 2 kwa sentimita 60. Hapo halali mtu chali bila bega lake kumpanda mwenzake. Wanalala ubavu, na mmoja akigeuka safu nzima inageuka. Choo ni kilekile, bomba ni lilelile. Upele na kifua kikuu havihitaji mwaliko.

Hapo pia ndipo hongo inapozaliwa. Nafasi ya ukutani, blanketi la pili, kuitwa mapema mgeni akifika: kila kilicho haba hupata bei, na anayekigawa hupata wateja.

"Dawa ni kujenga jela mpya."

Piga hesabu. Rumande inayopokea watu 10 kwa siku, kila mmoja akikaa siku 60, italaza watu 600. Kesi zikiahirishwa hadi wastani ufike siku 90, watakuwa 900, na uhalifu mjini haujaongezeka hata chembe. Shahidi hakuja, faili la polisi halijafika, lori la magereza limeharibika: kila sababu kama hiyo ni vitanda. Kuwahamishia mahabusu mbali nako hakusaidii, kwa kuwa kesi iko kwenye mahakama za Nairobi, Makadara, Kibera au Milimani, na ni lazima warudishwe kila inapotajwa.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, mafaili ya wenye makosa madogo yalipitiwa upya na zaidi ya watu 4,000 wakaachiliwa. Hakuna tofali lililowekwa. Sheria ya Huduma ya Jamii ya 1998, ya kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya kumfunga, nayo ipo wakati wote kwa makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3. Ripoti ya afisa wa probesheni huwa na uzito mkubwa hapo, kwa hiyo familia isimkwepe akija kuuliza nyumbani.

"Faini hulipwa yote au hakuna."

Si kweli. Aliyepewa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6 akilipa 10,000 baada ya kuingia, siku zake hupunguzwa kwa kadiri hiyo, karibu nusu. Dai risiti ya serikali. Pesa iliyotumwa kwa simu ya askari si faini.

"Ndani, mchana na usiku ni siku mbili."

Hakuna hesabu kama hiyo. Kilichopo ni remisheni: kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupunguzwa theluthi kwa kazi na mwenendo mzuri, hivyo miaka 3 huwa miaka 2. Kifungo cha maisha hakimo. Remisheni inaweza kupotea kwa makosa ya nidhamu, na askari mbaya hutishia nayo.

Linalosahaulika zaidi ni muda wa rumande. Sheria inamtaka hakimu auzingatie anapotoa hukumu. Asipoutaja, waranti huenda na tarehe ya hukumu, na gereza huhesabu kuanzia hapo. Soma waranti. Kama miezi hiyo haimo, peleka ombi Mahakama Kuu irekebishe.

"Askari jela ni polisi, mshtaki IPOA."

IPOA ni mamlaka huru iliyoundwa 2011 kwa ajili ya kuwachunguza polisi. Askari wa magereza yuko chini ya Idara ya Magereza, na nidhamu yake huanzia kwa afisa msimamizi. Hongo ipeleke EACC, tume ya kupambana na ufisadi; kuzungushwa na kunyimwa huduma peleka Tume ya Haki ya Utawala, mateso peleka KNCHR, tume ya taifa ya haki za binadamu. Anayetesa anaweza kufungwa hadi miaka 25 chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017, na viboko viliondolewa kwenye adhabu mwaka 2003.

Nao askari hawana raha wanayodhaniwa. Aprili 2008 waligoma kwa sababu ya marupurupu, na serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza hali ya magereza. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kupiga wala kula rushwa. Wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti Novemba 2021, Kamishna Mkuu wa Magereza aliondolewa na maafisa wakafikishwa mahakamani.

Malalamiko mengi hufa kwa kukosa mambo manne: tarehe, saa, jina au nambari iliyo kwenye sare, na mahali. Kama mtu amepigwa, omba aonwe na daktari siku hiyohiyo, fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe, na majeraha yalinganishwe na yaliyoandikwa alipopokelewa. Akipelekwa kortini kesho yake, amwonyeshe hakimu kabla kesi haijatajwa, ili iandikwe kwenye faili.