Taimauti haiombwi kwa mwamuzi: kanuni zinazokosewa kwenye mpira wa kikapu

Mchezaji amebanwa na walinzi wawili kwenye kona, anaunganisha viganja kuonyesha alama ya T, anapaza sauti, na mwamuzi aliye jirani anapuliza filimbi na kumpa taimauti, yale mapumziko mafupi ya timu. Kwenye viwanja vya wazi vya Mwanza, kuanzia Mirongo hadi vya shule na vyuo, kosa hili bado linatokea, na ni la mwamuzi, si la mchezaji. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambazo ndizo tunazochezea Tanzania, mchezaji aliye uwanjani hana haki ya kuomba taimauti. Kinachotuchanganya ni televisheni. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wana kitabu chao: mchezaji anaruhusiwa kuomba, timu ina taimauti saba, na kila moja ni ya sekunde 75. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotuhusu.

Kwetu anayeomba ni kocha mkuu au kocha msaidizi wa kwanza, basi. Naye haombi kwa mwamuzi, anaomba kwa mwandishi wa meza, yule anayejaza karatasi ya mchezo. Anakwenda mezani au wanatazamana macho kwa macho, anasema waziwazi kwamba anataka taimauti na kuonyesha ishara yake. Kocha anayempigia kelele mwamuzi wa upande wa pili wa uwanja hajaomba chochote, na mwamuzi asimpulizie filimbi kwa huruma.

Ombi likishapokelewa linasubiri nafasi. Kwa timu zote mbili, nafasi inafunguka mpira ukiwa umekufa (hauko mchezoni), saa ya mchezo imesimama na mwamuzi amemaliza kuwasiliana na meza, au mtupo huru wa mwisho ukiingia. Timu iliyofungwa kikapu inaipata pia pale pale kikapu kinapoingia. Nafasi inafungwa mara mpira unapokuwa mikononi mwa anayerusha kutoka nje, au umewekwa mahali anapoweza kuuchukua, au unapokabidhiwa kwa mtupaji wa mtupo huru wa kwanza. Ombi likichelewa hata kidogo, linasubiri nafasi nyingine.

Maneno "amemaliza kuwasiliana na meza" ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Faulo inapulizwa, na mtunza muda, akijua kuna ombi, anabonyeza king'ora wakati mwamuzi bado anaonyesha namba ya mchezaji. Mwamuzi anakatizwa, mwandishi anakosa namba, na baada ya dakika moja meza nzima inabishana ni nani aliyefanya faulo. Mtunza muda asubiri ishara ya mwisho, ile ya adhabu au ya mwelekeo wa mchezo, ndipo abonyeze. Timu iliyoomba ikifungwa kikapu, hapo hakuna kusubiri: asimamishe saa na kupiga king'ora papo hapo.

Upepo wa ziwani nao una sehemu yake. Alasiri unaweza kumeza sauti ya king'ora kidogo, hasa mashabiki wakiwa wengi. Ndiyo maana mwamuzi anatakiwa kuitazama meza kabla ya kutoa mpira, kila mara, si mara mojamoja. Na mtunza muda asipoona mwitikio, asimame na kuonyesha alama ya taimauti kwa mikono.

Hesabu yenyewe: taimauti mbili nusu ya kwanza, tatu nusu ya pili, moja kwa kila muda wa nyongeza. Zisizotumika hazihamishwi. Lakini kati ya zile tatu, zinazoweza kutumika saa ya robo ya nne ikionyesha 2:00 au pungufu ni mbili tu. Timu ikifika 2:00 bila kutumia hata moja, mwandishi anapiga mistari miwili ya mlalo kwenye kisanduku cha kwanza cha taimauti za nusu ya pili katika karatasi ya mchezo, na hiyo imekwenda. Kinachohesabiwa ni wakati taimauti ilipotolewa, si ilipoombwa. Kocha ameomba saa ikisoma 2:06, mpira ukatoka nje saa ikisoma 1:57: taimauti hiyo inaandikwa kisanduku cha pili, na amebakiwa na moja. Kocha atalalamika. Meza haijamwonea.

Ndani ya kisanduku inaandikwa dakika ya mchezo, si kile kinachosomeka kwenye saa. Saa ikionyesha 3:25, zimechezwa dakika 6 na sekunde 35 za robo ya dakika 10, kwa hiyo inaandikwa 7.

Dakika mbili za mwisho za robo ya nne, na za kila muda wa nyongeza, saa inasimama baada ya kila kikapu. Kocha wa timu iliyofunga anaona mpira umekufa na saa imesimama, anadai taimauti. Hapewi, isipokuwa mwamuzi amesimamisha mchezo, tuseme kwa sababu ya majeruhi. Ila katazo hili ni la kikapu cha kawaida. Mtupo huru wa mwisho ukiingia, hata aliyefunga anaweza kupewa, na waamuzi wengi humnyima kimakosa.

Katika dakika hizohizo, timu yenye haki ya mpira upande wake wa kulinda ikichukua taimauti, kocha wake anachagua: kurushia hukohuko, au kwenye mstari wa kurushia upande wa kushambulia, mkabala na meza. Taimauti ikiwa ni ya wapinzani peke yao, haki hiyo haipo. Mwamuzi mkuu amwulize taimauti inapoisha, kocha aseme kwa sauti na kuonyesha kwa mkono, na mwamuzi amjulishe kocha wa pili. Uamuzi haubadilishwi, hata ikifuata taimauti nyingine. Akichagua mbele baada ya mpira kutoka nje, saa ya kurusha (ile ya sekunde 24) iliyokuwa na 14 au zaidi inawekwa 14; iliyokuwa na 13 au pungufu inaendelea ilipoishia.

Kuomba taimauti ambayo timu haina kunaaminika kuwa faulo ya ufundi. Imani hiyo imetoka Marekani, ambako Chris Webber, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliadhibiwa hivyo kwenye fainali ya vyuo ya mwaka 1993. Kwa FIBA ombi halipokelewi tu, na mwandishi alipaswa kuwa amemjulisha kocha mapema, kupitia mwamuzi, kwamba zimekwisha.

Taimauti ni dakika moja. Inaanza mwamuzi anapopuliza filimbi na kuonyesha ishara, si wachezaji wakishafika benchi. King'ora kinalia sekunde ya 50, kisha tena muda ukiisha.

Kwenye 3x3, mchezo wa watatu kwa watatu, mambo ni tofauti: timu ina taimauti moja ya sekunde 30, na mchezaji yeyote anaweza kuiomba mpira ukiwa umekufa. Anayechezesha 3x3 asubuhi na mechi ya watano jioni aiache kanuni hiyo hukohuko.