Asidi ya yuriki na moyo: yanayosemwa na yaliyopimwa

Majibu ya maabara yakionyesha asidi ya yuriki iko juu, zamani mtu alitazama kidole gumba cha mguu akingoja jongo, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Siku hizi anashika kifua, maana amesikia kwamba asidi hiyo inaua moyo. Ukweli upo humo ndani, ila umetiwa chumvi nyingi.

"Asidi ikipanda, moyo umeshaharibika."

Hapana. Asidi ya yuriki ni mabaki ya purini, kemikali zilizomo katika seli zetu na katika chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Binadamu hana, kwa hiyo figo hutoa karibu theluthi mbili na utumbo humalizia. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, inaweza kuganda ikawa fuwele, na fuwele hizo zikikaa kwenye kiungo ndizo huleta jongo. Hata hivyo, wengi wanaoishi na kiwango cha juu hawaugui jongo kamwe.

Ni kweli kwamba presha, moyo kushindwa kufanya kazi na maradhi ya figo huonekana zaidi kwa watu hao. Lakini hao hao mara nyingi ni wanene, au wana kisukari, au figo zao zimechoka, na figo iliyochoka ndiyo inayoacha asidi irundikane. Nani kamponza nani? Tafiti za vinasaba, zinazowaangalia waliorithi mwelekeo wa kuwa na asidi nyingi, kwa sehemu kubwa hazijaonyesha kwamba asidi yenyewe ndiyo inayoziba mishipa ya moyo. Kwenye presha mjadala haujafungwa. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa vijana 30 wenye presha iliyoanza karibuni ulionyesha ikishuka walipopewa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki. Vijana 30 wanatosha kuzua swali, hawatoshi kulijibu.

"Basi nimeze alopurinoli nilinde moyo."

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu limeshapimwa. Utafiti wa ALL-HEART wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 2022, uliwafuatilia watu zaidi ya 5,700 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wagonjwa wa mishipa ya moyo wasio na jongo, kwa karibu miaka mitano. Waliomeza dawa na wasiomeza walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa kiasi kisichotofautiana. Na dawa yenyewe si peremende: mara chache huleta mzio wa ngozi unaoweza kuua. Mwenye jongo ni habari nyingine. Kwake hiyo ni tiba halali.

"Jongo ni ugonjwa wa kidole tu."

Hapa watu hukosea kwa kupuuza. Jongo likiwaka, uvimbe wake hauishii kwenye kiungo. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, uliona mshtuko wa moyo na kiharusi vikiongezeka katika miezi minne hivi baada ya jongo kuwaka. Mwenye jongo apimwe presha, sukari na lehemu (kolesteroli) hata kama kifua hakimsumbui.

"Acha nyama na maharage, yamekwisha."

Sehemu kubwa ya asidi hutengenezwa na mwili wenyewe. Maini, figo, baadhi ya vyakula vya baharini na bia huipandisha, ndiyo. Mboga na jamii ya kunde hazijaonekana kuongeza hatari ya jongo. Soda zenye sukari ndizo za kuogopa: ini likivunja fruktosi, aina ya sukari iliyomo humo, huzalisha asidi ya yuriki. Kuna anayemwaga maharage yake na kubaki na chupa ya soda mkononi! Kujinyima chakula kabisa nako huipandisha.

"Dawa ya moyo imenipandishia asidi, nimeiacha."

Aspirini ya kipimo kidogo na baadhi ya dawa za kukojosha huipandisha kweli. Lakini aspirini uliyoandikiwa baada ya mshtuko wa moyo inazuia mwingine, na kuiacha kwa hofu ya namba ya maabara ni kujiweka hatarini. Upande wa presha kuna losatani, ambayo hushusha presha na asidi kidogo pia. Mwulize daktari kama inakufaa kabla hujaacha chochote.