Ufunguo wa SSH pekee hauizuii Git kuuliza nywila
Wengi huamini kwamba ukishatengeneza ufunguo wa SSH (faili ya siri inayokutambulisha kwa seva badala ya nywila), Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, haitakuuliza nywila tena. Si kweli. Kinachoamua ni anwani ya hazina yako (mahali msimbo wako unapotunzwa kwenye seva): ikianza na https://, ufunguo huo hauguswi kabisa, hata uwe umeusajili vizuri kiasi gani. Andika git remote -v uione, kisha uibadilishe iwe ya SSH kwa git remote set-url. Ikiendelea kuuliza, huenda sasa inadai nywila ya ufunguo wenyewe. Ufungue mara moja kwa ssh-add, na ssh-agent, programu inayotunza funguo zilizofunguliwa, itaushika.

Ukibaki na HTTPS, tafadhali usikimbilie credential.helper store (mpangilio wa Git wa kutunza nywila): huandika siri yako kwenye faili, wazi kabisa. Afadhali cache, ambayo huiweka kwenye kumbukumbu ya muda kwa dakika 15, usipobadilisha.