Ngazi za mipango ya maafa: nani anaanza ziwa likichafuka?

Viongozi hupenda kusema "mipango ya maafa ipo katika ngazi zote". Ngazi hizo ni kijiji au mtaa, kata, wilaya, mkoa na taifa. Kila moja inatakiwa kuwa na kamati iliyokwisha kukubaliana mapema: hatari za hapa kwetu ni zipi, nani anatoa taarifa, majeruhi wanapelekwa wapi. Kwa Tanzania msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu.

Usiichanganye kamati hii ya maafa na kamati ya usalama, ingawa katika ngazi ya mkoa Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wa zote mbili. Uporaji wa injini na nyavu ziwani ni kazi ya kamati ya usalama. Mafuriko ya Mto Mirongo, jijini Mwanza, na kivuko kilichopinduka ni kazi ya kamati ya maafa.

Utaratibu ni huu: tukio likiizidi nguvu kata, wilaya inaingia, wilaya ikielemewa, mkoa, kisha taifa. Kwa ukame unaokuja polepole, hilo linatosha. Ziwa Victoria halingoji vikao. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka majini Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakapona. Kwa hiyo ngazi ya chini kabisa ndiyo yenye zile dakika za kuokoa roho. Naamini hapo ndipo mafuta ya boti, kamba, tochi na mafunzo vingepaswa kuanzia, kabla ya ofisi yoyote ya mjini.

Ukiwa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, Kirumba au Igombe huko Mwanza, muulize kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo: usiku wa leo boti ipi ina mafuta? Nani anajua kuzamia? Namba ya kupiga ni ya nani? Na orodha ya abiria waliopanda iko wapi, nchi kavu au ndani ya chombo? Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu zaidi ya 220, na waokoaji walikuwa wakitafuta bila kujua kwa hakika walikuwamo wangapi.