Hundi hewa Tabora: tunayodhani na yalivyo

"Hundi ikishapokelewa benki, hela imeingia."

Hii ndiyo imewaliza wengi waliopewa hundi hewa, yaani hundi ambayo akaunti yake haina hela. Mteja anakuja Ijumaa alasiri, anachukua madumu ya asali au magunia ya mchele, kisha anakurushia picha ya stakabadhi kuonyesha ameshaweka hundi kwenye akaunti yako. Unaangalia salio, kweli limepanda. Fuso linaondoka. Kumbe salio linaloonekana na salio unaloweza kutoa ni vitu viwili. Hundi ya benki nyingine inaweza kuandikwa kwenye akaunti yako huku ikisubiri benki ya mwenye hundi ikubali kulipa. Ikikataa, hela inafutwa, na mzigo umeshashushwa Shinyanga. Soma stakabadhi vizuri: imeandikwa fedha taslimu au hundi? Halafu mwulize mhudumu wa benki, "Naweza kuitoa yote sasa hivi?" Asiposema ndiyo, mzigo usitoke stoo, hata mteja aape vipi.

"Kila hundi iliyorudi ni utapeli."

Si kweli. Saini ikitofautiana na ile iliyoko benki, tarakimu zisipolingana na maneno, au hundi ikipitisha miezi sita, itarudishwa. Soma sababu iliyoandikwa na benki kabla hujamwita mtu mwizi.

"Hayo ni madeni, polisi hayawahusu."

Aliyechukua mali yako kwa hundi akijua akaunti haina kitu amejipatia mali kwa udanganyifu, na hilo ni kosa la jinai. Nenda kituoni na hundi yenyewe, karatasi ya benki na risiti ya mzigo, ufungue jalada, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Nakuomba sana, usimrudishie hundi kwa ahadi ya "keshokutwa nakuletea taslimu", maana huo ndio ushahidi wako. Ila polisi wanapeleleza, hawakusanyi madeni. Fidia huamuliwa na mahakama, na njia ya kufungua madai bado unayo.

"Polisi jamii ni doria za usiku."

Watu wa Tabora tusingepaswa kuamini hili kabisa. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilichipuka huku Unyamwezini na kwa jirani zetu Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoka kuibiwa ng'ombe, na ilitegemea sana habari kupita haraka kijiji hadi kijiji. Polisi Jamii, iliyosukumwa sana wakati wa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema (2006 hadi 2013), inataka ushirikiano huohuo wa raia na polisi. Leo kuna wakaguzi wa polisi wa kata. Mkaribisheni wa kata yenu kwenye kikao cha wafanyabiashara. Wengi wetu tukitapeliwa tunanyamaza kwa aibu, na mtu yuleyule anahamia duka la pili na kitabu kilekile cha hundi.

Hundi ikirudi kwa kukosa fedha, mpigie mkaguzi siku hiyohiyo. Mpe jina lililo kwenye hundi, namba ya simu na namba za gari lililobeba. Kama una picha ya aliyekupa hundi, mpe mkaguzi pia, usiisambaze kwenye magrupu, kwa sababu bado ni mtuhumiwa na ukikosea unaweza kushtakiwa wewe.