Usawa wa kirangi na ujumuishi wa kiuchumi: maana yake nini kwa mji?

Ndugu wawili wakigawiwa unga, kila mmoja meka moja (kopo la kupimia), mgawanyo ni sawa. Lakini kama mmoja alinyang'anywa shamba, meka ile haijamrudishia kitu. Mji unaofuata usawa wa kirangi huuliza kwanza habari za shamba: nani alinyimwa, kwa amri ipi, na pengo limefika wapi leo.

Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, tunalifahamu jambo hili kwa miguu. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, Wazungu wakajichukulia katikati. Waafrika wakawekwa kando, katika kambi za wafanyakazi na katika cité (mtaa wa Waafrika) ya Albert, ambayo ndiyo Kamalondo ya leo. Kati ya Wazungu na Waafrika paliachwa eneo tupu la kuwatenganisha. Amri ile ilikufa zamani, lakini ingia avenyi za ndani za Katuba, mtaa mwingine wa hapa, siku ya mvua: matope yanakueleza mji ulipangwa kwa ajili ya nani.

Marekani, baadhi ya miji imeanza kulipa deni la namna hiyo. Evanston, karibu na Chicago, iliidhinisha mwaka 2021 msaada wa nyumba wa hadi dola 25,000 kwa wakazi Weusi walioishi pale kati ya 1919 na 1969, au wazao wao, kwa sababu walibaguliwa katika makazi. Fedha zilianzia kwenye kodi ya bangi.

Ujumuishi wa kiuchumi ni upande wa mfuko. Mtazame mama anayeuza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Hajamaliza kupanga meza, mtoza kodi amefika. Mama anafungua kitambaa kiunoni, anahesabu falanga, anapokea kikaratasi. Analipa hivyo kila siku. Ila unga wa kulisha hospitali unapotafutiwa muuzaji, zinadaiwa hesabu za miaka na dhamana ya benki. Jina lake limo katika daftari la kulipa, halimo katika daftari la kulipwa.

Sheria yetu ya 2017 imewatengea Wakongo kazi za sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mlango ule unamfaa mwenye kampuni. Kwa mama huyu, ujumuishi ungekuwa zabuni iliyokatwa vipande vidogo, malipo yasiyokawia, na likelemba yake (mchango wa kupokezana na wenzake) kukubaliwa kuwa dhamana.